Kisutu, Mkasi na Hesabu ya Tisa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba haki ni jambo la hesabu. Ukishajua watu wako wangapi na kitu chenyewe ni kiasi gani, unagawa, kazi imekwisha. Imani hiyo iliniponyoka asubuhi moja Chwaka, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na mkasi mkononi, mbele ya kanga tisa za marehemu bibi yangu. Nilikuwa sijakata hata moja. Mama mkubwa akaniuliza swali moja tu, na mkasi nikauweka chini.

Swali lenyewe nitalifikia. Kwanza nieleze nilifikaje hapo, maana njia yake inapita kwenye fumbo la namba, kwenye historia ya kanga, na kwenye ushonaji wa mfarishi wa viraka. Msomaji aliyekuja kwa ajili ya ushonaji pekee naye hataondoka mikono mitupu.

Kwa asiyepajua, Chwaka iko pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa pili wa kisiwa ukitokea mjini. Maji yakitoka, ghuba inageuka uwanja: wanawake wanakwenda kwenye mwani wao, watoto wanaokota chaza, ngalawa zinalala ubavu. Bibi aliishi hapo umri wake wote, na alipofariki aliacha nyumba, minazi michache na sanduku la kanga. Baadhi ya kanga zilitoka mapema, kwa wanawake waliomwosha na kwa majirani, zikawa sadaka. Zilizobaki zilikuwa mirathi kama mali nyingine yoyote, na sisi wajukuu, wazee wetu wakiwa hai, hatuna fungu ndani yake. Lakini wenye mafungu, yaani mjomba, mama mkubwa, mama yangu na mama mdogo, walikaa wakakubaliana: kanga wapewe wajukuu wa kike. Tuko tisa. Mama mkubwa akachagua tisa zilizo bora, akazipanga juu ya mkeka. Kila mmoja achague yake.

Ingekuwa rahisi kama zote zingekuwa kanga tu. Moja ilikuwa kisutu.

Kisutu ni kanga ya bibi harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe, michoro midogo midogo iliyojaa kitambaa chote, na mara nyingi haina jina, yaani hayana maandishi yale tunayoyasoma kwenye kanga nyingine. Hakihitaji kusema kitu. Kila mtu anajua kinasema nini. Kile ndicho alichovaa bibi siku alipoolewa. Kilikuwa kimelainika kama ngozi ya sikio, na bado kinanukia udi.

Hakuna aliyegombana. Sisi hatugombani namna hiyo. Mmoja alisema, "Mie yoyote tu," huku mkono wake umekaa juu ya kisutu. Mwingine akakumbusha, kwa upole kabisa, kwamba yeye ndiye aliyepewa jina la bibi. Wa tatu akasema mkubwa wa wajukuu ni nani kwani? Ukimya ukaanguka, ule ukimya wa Kiunguja ambao una maneno mengi kuliko baraza la samaki. Na mimi, mwandishi wa habari, msomi wa chuo kikuu, nikaona nafasi ya kuwaokoa ndugu zangu kwa akili.

*

Kazi yangu ya kwanza gazetini haikuwa kuandika habari. Nilipewa ukurasa wa burudani: nyota, vichekesho, chemshabongo na sudoku. Humo ndimo nilimoupata ugonjwa wa sudoku, na mpaka leo sipandi daladala bila kuwa nayo moja kwenye simu.

Wengi hudhani ni mchezo wa Wajapani wa kale. Ulichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1979, kwenye jarida la mafumbo la kampuni ya Dell, kwa jina la Number Place, na mtunzi wake anaaminika kuwa Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indianapolis. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ikauchukua, na jina la sudoku likatokana na maneno ya Kijapani yenye maana kwamba kila namba ikae peke yake, kama mseja. Kisha Wayne Gould, jaji mstaafu aliyefanya kazi Hong Kong, akautungia programu ya kompyuta na kulishawishi gazeti la The Times la London, lililoanza kuuchapa Novemba 2004. Dunia ikapagawa. Garns alikuwa amekwisha kufa tangu 1989.

Sheria yake ni moja. Una mraba wa visanduku 81, tisa kwa tisa, uliogawanywa katika miraba midogo tisa. Kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama na kila mraba mdogo lazima uwe na namba zote, 1 mpaka 9, bila kurudia hata moja. Basi.

Kitu ambacho watu hawakitambui, hata wachezaji wa miaka, ni kwamba sudoku haina hesabu ndani yake. Hujumlishi, hutoi. Tisa humo si kubwa kuliko moja. Namba ni majina tu; ungeweza kuweka herufi, matunda, au kanga, na fumbo likabaki lile lile. Linganisha na ule mraba wa zamani ambao watu wa pwani wanaufahamu kutoka kwenye hirizi, wenye visanduku tisa vya namba 1 mpaka 9, ambao ukijumlisha safu yoyote, kulala, kusimama au kona kwa kona, unapata 15. Pale ukubwa una kazi: tisa lazima akae na wadogo ili mizani isielemee. Ule ni usawa wa uzito. Sudoku ni usawa wa kuwepo: kila mmoja yumo, mahali popote unapotazama, na hakuna aliye mara mbili.

Nikaangalia kanga tisa juu ya mkeka, wajukuu tisa wameuzunguka, na jibu likanijia limeshaiva. Tukate zote. Tushone mifarishi tisa, kila mfarishi ni sudoku iliyojazwa, kila kanga iwe namba. Kila mjukuu ataondoka na mfarishi wenye kanga zote tisa za bibi, na kisutu kitakuwa katika kila safu na kila mraba wa kila mfarishi. Hakuna atakayekikosa.

Nilipiga hesabu kwenye simu hapo hapo. Kanga ina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa kama 150. Ukikata viraka vya sentimita 12, upana unatoa tisa na urefu unatoa kumi na viwili: jumla 108. Mifarishi tisa inahitaji viraka 81 kutoka kila kanga. Vinatosha na vinabaki. Nawaambia, nilijiona Wayne Gould.

Nikaongeza na hoja ya historia, kwa kuwa niliona nyuso zimesita. Nikawaambia kanga yenyewe ilizaliwa kwa mkasi. Inavyosimuliwa, karne ya 19 ikielekea ukingoni, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vile vitambaa vya mraba ambavyo hata jina lake tulilipata kwa Wareno. Wakazikata zikiwa tatu tatu kutoka kwenye jora, wakaunga mistari miwili, ikawa nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Maandishi yakaja baadaye, na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, lililojulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalotajwa sana kwa kuyaeneza. Kwa hiyo, nikasema, kushona viraka si kuivunjia kanga heshima. Ni kuirudisha kwao.

Mama mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Akainua kanga moja, jina lake HASIDI HANA SABABU. "Haya, hii ukiikata viraka vya sentimita zako hizo, kuna mtu atapata kiraka kimeandikwa HASIDI. Nani huyo? Na utamwambiaje kwamba hukukusudia?" Watu wakacheka mpaka machozi, maana kila mmoja wetu anajua kwamba kanga kwetu ni ulimi, na mtu anaweza kununiwa mwaka mzima kwa jina la kanga aliyoivaa mbele ya wifi yake. Nikasema viraka vya maandishi tutaviweka kando. Nikachukua mkasi.

Ndipo mama mkubwa akauliza, wala hakunyanyua sauti: "Mwanangu, nieleze mie nisiyesoma. Unataka kila mtu apate kisutu, au unataka asikipate mmoja?"

*

Nilijua anamsema nani. Sote tulijua.

Katika wajukuu tisa, wanane tumetawanyika: mjini, Dar es Salaam, mmoja Muscat. Wa tisa hakuondoka Chwaka. Alipokuwa na miaka kumi na tisa bibi alianza kuugua miguu, na yeye akabaki kumwangalia. Alimpikia, alimwogesha, alimpeleka hospitali, alimsomea Yasini. Mwani alilima, mwani alianika, na katikati ya maji kutoka na maji kujaa alikuwa akirudi mbio nyumbani kuona kama mzee ameamka. Sisi wengine tulituma pesa kwa simu na kuja sikukuu. Sisemi kwamba pesa si kitu. Nasema tu kwamba pesa haigeuzi mgonjwa kitandani usiku.

Waandishi wa michezo tuna neno zuri, mchezaji kiraka: yule anayewekwa popote, beki leo, kiungo kesho, na huwa hatajwi kwenye kichwa cha habari. Yeye alikuwa kiraka wa ukoo. Na asubuhi ile alikuwa amekaa pembeni, karibu na mlango, hakuweka mkono kwenye kanga yoyote.

Kama kisutu kingetolewa kwa mtu mmoja, kila mwenye akili alijua kingekwenda kwa nani. Na mimi nililijua hilo kabla sijafungua kinywa. Hapo ndipo penye uzito wa swali la mama mkubwa. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana, hesabu yake haina kosa, na kazi yake halisi ilikuwa kuzuia jambo moja lisitokee: mtu mwingine kuonekana alikuwa karibu na bibi kuliko mimi. Wivu haukuja na sura ya wivu. Ulikuja umevaa usawa.

Nimelifikiria hilo tangu siku ile, na naona si langu peke yangu. Mara ngapi tumesema "bora tukose wote"? Kikombe kikileta ugomvi, kivunjwe. Shamba la urithi likiwa na maneno, liuzwe, kila mtu achukue zake aende. Tunaita amani. Mara nyingine ni amani kweli. Mara nyingine ni namna ya kumwadhibu aliyestahili zaidi bila kulazimika kusema kwamba tunamwadhibu, kwa sababu nani atakupinga ukisema unagawa sawa?

Lugha yetu yenyewe inatofautisha mambo haya kuliko tunavyofanya sisi wasemaji. Tunasema haki yangu, haki yako, haki ya jirani, haki ya maiti. Hakuna anayesema "usawa wangu". Haki ina mwenyewe, usawa hauna. Neno haki tulilipata kwa Waarabu, na kwao linabeba pia maana ya ukweli, ndiyo maana mtu akitaka kuaminiwa huapa kwa "haki ya Mungu". Kutoa haki, basi, ni kusema ukweli kuhusu nani ni nani kwa nani. Usawa unaweza kugawanywa na mtu asiyemjua yeyote kati ya wanaogawiwa. Sudoku nayo iko hivyo: haihitaji kujua tisa ni nani.

Aristotle aliligusa hili zamani, katika kitabu cha tano cha Nicomachean Ethics. Anasema magomvi huzuka kwa njia mbili: walio sawa wakipewa visivyo sawa, na wasio sawa wakipewa vilivyo sawa. Njia ya kwanza tunaijua wote, ndiyo tunayoiimba kwenye maandamano. Ya pili tunaisahau. Mirathi yetu ya Kiislamu nayo haikuanza kwa kugawa sawa: Sura ya An-Nisaa inataja nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, kila fungu na mtu wake kwa uhusiano wake na marehemu. Mtu anaweza kujadili mengi kuhusu mafungu hayo, na watu wanajadili. Lakini msingi wake ni kwamba kwanza unauliza huyu alikuwa nani wake, ndipo unafika kwenye namba.

Nisiwafanye wepesi wanaotetea usawa, maana na mimi ni mmoja wao. Usawa ulibuniwa kwa sababu binadamu si waaminifu wanapopima nani anastahili. Ukiruhusu kila mtu apewe "kwa kustahili kwake", mkubwa atajiona anastahili, mwenye sauti atastahili, mwanamume atastahili. Kura ni moja kwa kila mtu, si moja na nusu kwa mwenye busara, na naomba ibaki hivyo. Pale ambapo hatujuani, usawa ndio kinga yetu. Tena kwetu una hata vazi lake: sare. Harusini wanawake wa ukoo mzima wananunua kanga ya aina moja, tajiri na maskini, na siku ile huwezi kuwatenga. Lakini angalia: sare hununuliwa mpya dukani. Hakuna aliyewahi kukata nguo ya mtu mmoja ili watu mia wapate sare.

Na kuna pingamizi la upande wa pili, gumu zaidi. Dada yetu mwenyewe ndiye aliyelisema, alipoona macho yote yamemgeukia. "Mie sikumuuguza bibi kwa ajili ya kisutu. Mkinipa kama ujira sikitaki."

Sikuwa na jibu. Ukimlipa mtu kwa upendo wake, umeugeuza kibarua. Mama mkubwa akamjibu kwa namna ambayo bado naikumbuka: "Nani kasema ujira? Kila Ijumaa nani alikitoa sandukuni kukifukiza udi? Wewe. Hawa wenzako walijua hata kilikuwa wapi?" Hatukujua. Kwetu kilikuwa kitu kizuri cha bibi. Kwake kilikuwa tayari sehemu ya wiki yake. Kumpa hakukuwa kumlipa. Kulikuwa kukubali jambo lililokwisha kuwa kweli.

Nilipokuwa kwenye ule ukurasa wa burudani, siku moja namba moja ya kuanzia ilidondoka wakati wa kupanga kurasa, sudoku ikatoka na majibu mawili. Msomaji akapiga simu: "Mie nimemaliza, na mwenzangu kamaliza, na hatufanani. Nani kashinda?" Nilimwomba radhi, nikamwambia fumbo lilikuwa bovu, maana sudoku halali ina jibu moja tu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba haiwezi kuwa na jibu moja ikiwa na namba za kuanzia chini ya 17. Namba zikiwa chache mno, majibu yanakuwa mengi. Siku hizi nadhani nilikwenda Chwaka nikiwa na namba mbili tu, kanga tisa na watu tisa, nikadhani nina za kutosha. Walionizunguka kwenye mkeka walikuwa nazo nyingine: nani alibaki, nani alifukiza udi, nani alikaa mlangoni bila kunyoosha mkono.

*

Kisutu kilikwenda kwa dada yetu, kizima. Kanga nane tukagawana kwa kura, vijikaratasi ndani ya kikombe, kwa sababu baina yetu wanane hakukuwa na cha kutofautisha. HASIDI HANA SABABU ikaniangukia mimi. Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko, na nadhani bibi naye huko aliko.

Lakini wazo la mfarishi halikufa. Mdogo wetu wa mwisho alisema, "Dada, ule mfarishi wako ulikuwa mzuri. Si tufanye mmoja tu, ubaki hapa nyumbani?" Tukapiga hesabu upya. Kwa mfarishi mmoja unahitaji viraka tisa tu kutoka kila kanga, na utepe mmoja wa sentimita 12 uliokatwa kwenye upana unatoa tisa kamili. Kanga inapungua pindo moja la ubavuni. Unakunja, unapiga mshono, unaendelea kuivaa. Kila mmoja wetu leo ana kanga yenye pindo tatu badala ya nne, na tukikutana harusini tunatambuana.

Dada yetu akataka kukikata kisutu naye, ili watimie tisa. Tulimkatalia, wote wanane kwa mara moja. Nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na siwezi kueleza nilivyojisikia vizuri kukitetea kitu nilichokuwa nimekishikia mkasi. Mahali pa kisutu tukaweka marekani, ile pamba nyeupe isiyo na maua ambayo jina lake lilibaki pwani tangu meli za Marekani zilipokuwa zikiileta Unguja karne ya 19.

Kwa anayetaka kujaribu, kazi ni hii. Fua vitambaa na uvipige pasi. Vipya huruka na kuchuja rangi. Kata boksi gumu sentimita 12 kwa 12, liwe kipimo chako, na uache sentimita moja ya mshono kila upande, ili kiraka kikishonwa kibaki kumi. Vipe vitambaa vyako namba 1 mpaka 9. Usiogope kupanga vibaya: Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu mwaka 2005 kwamba mipango sahihi iko 6,670,903,752,021,072,936,960. Rahisi kuliko yote ni hii:

123 456 789
456 789 123
789 123 456

234 567 891
567 891 234
891 234 567

345 678 912
678 912 345
912 345 678

Usishone safu ndefu, utachanganyikiwa. Shona viraka vitatu vitatu, kisha mistari mitatu iunge iwe mraba mdogo, na kila mraba ukiisha upige pasi na uubandike kikaratasi cha mahali pake. Ukishapata miraba tisa, iunge kwa tepe nyeusi za upana wa sentimita 6, zitakazobaki nne, ili macho yaone mipaka ya fumbo. Zungushia ukingo wa sentimita 8, utakaobaki sita. Mfarishi utakuwa kama sentimita 110 kila upande: unatosha mtoto, au miguu ya mtu mzima wakati wa kipupwe. Kwa joto letu usitie pamba katikati. Weka shuka kuukuu kwa chini, piga bandi, pindua kingo, kisha funga fundo la uzi kwenye kila pembe ya miraba midogo ili matabaka yasitembee. Cherehani ya mkono inatosha. Sisi tulimaliza kwa siku tatu, tukiwa na mikono mingi na maneno mengi zaidi.

Nilipokuwa nakunja vibaki nilikumbuka niliyosoma kuhusu Wasiddi wa Karnataka, kule India, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni wakaenda ndani mpaka katikati, na hawaoni kazi imekamilika mpaka kona zote zitiwe kijiua cha kitambaa. Wao hukata nguo iliyokwisha kazi yake. Nadhani hapo pana adabu kubwa. Kiraka kizuri hutokana na kitu kilichokwisha kuvaliwa, au kilichotolewa na mwenye nacho. Nilichotaka kufanya mimi siku ile ya mkeka hakikuwa hata kimoja kati ya hivyo.

Sikukuu iliyopita nilimkuta mtoto wa dada, ana miaka sita, amelala kifudifudi juu ya mfarishi, anapitisha kidole kwenye safu moja na kutaja wenye kanga. Hii ya mama mkubwa wa mjini, hii ya Muscat, hii ya hasidi, akimaanisha mimi. Alifika kwenye kiraka cheupe akasimama. Akapanda safu ya juu, akakikuta tena cheupe. Akashuka, tena.

"Mama, hapa kila mahali pamekosekana moja."

"Ehe. Ipi?"

Akahesabu upya, polepole, zile nane. Kisha akainuka, akaenda chumbani, na tukasikia kifuniko cha sanduku kinafunguliwa.